Binti Aliyeitika Naam

Jumatatu, 4 Agosti

Maji hayatoki tena. Nimepanga foleni kisimani kwa Mama Saumu tangu asubuhi, mitungi miwili miguuni, riwaya ya Baba Nafula mkononi. Nimefika ukurasa wa thelathini na kitu. Mwanamke wa nyuma yangu ameuliza nasoma nini. Nikasema, kitabu. Ndivyo ninavyojibu watu.

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mhakiki ni mimi. Sikujitolea. Bi Zuhura alinitaja tu mbele ya watu, nikainamisha kichwa, na kwake yeye kuinamisha kichwa ni kukubali.

Kikundi chetu ni cha watu wanaojichapishia. Hakuna kampuni iliyotutaka. Tunachapa pale saiba ya Mjambere, kwenye duka la kompyuta, tunabana pini, tunauziana. Bi Zuhura alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla hajastaafu, ndiye mkubwa wetu, na sheria ni zake. Kitabu kipya lazima kihakikiwe na mwenzako aliyechapa chake. Unasimama, unasoma uhakiki wako. Mwenye kitabu ameketi mbele yako na hana ruhusa ya kusema mpaka ukae. Lazima utaje dosari moja ya kweli. Bi Zuhura husema uhakiki usio na dosari ni salamu za Idi. Kitabu kikipita, yeye mwenyewe hukipeleka kwa walimu anaowajua, kikasomwe shuleni. Kisipopita kinarudi nyumbani na mwenyewe.

Changu kilipita Aprili. Hadithi tano fupi. Aliyekihakiki ni Baba Nafula. Alisimama na shati lake la kazi la bandarini akasema amekisoma mara mbili na mara zote mbili chai yake ilipoa. Watu wakacheka vizuri, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Sasa zamu yangu. Na kitabu chake ni kibaya.


Jumanne, 5 Agosti

Nimeandika jana kwamba ni kibaya. Nimekisoma zaidi. Bado ni kibaya.

Kinaitwa Machozi Hayana Bandari. Kinamhusu msichana, Neema, anayezaliwa Changamwe na kukulia Kiembeni. Neema ni Nafula. Hajaficha chochote ila jina. Mwanya wa meno ni ule ule. Tabia ya kula embe na ganda lake ni ile ile.

Nafula alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa rafiki yangu wa pekee pia, tuseme ukweli. Tulikaa dawati moja tangu darasa la nne. Mwaka jana likizo ya Aprili pumu ilimkamata, wakampeleka hospitali, hakurudi. Wazazi wake ni watu wa bara. Walimsafirisha kwao Bungoma akazikwa kule. Mama alisema nauli ya kwenda hatuna, tuombe tukiwa hapa. Tukaomba tukiwa hapa. Sijaona kaburi. Kisauni nzima hakuna mahali naweza kwenda nikasema huyu hapa.

Ila hiki kitabu.

Kwenye kitabu hafi. Hilo ndilo tatizo la kitabu. Hafi na haumwi na hapati hata mafua. Kila sura hatari inakuja mpaka mlangoni halafu inaondoka. Lori linakosa breki, linasimama. Kijana mbaya anamfuata, anaokoka. Moto unawaka jirani, mvua inanyesha. Mwalimu wetu wa Kiswahili angeandika kwa wino mwekundu, HAKUNA MGOGORO. Angekuwa sahihi.

Mimi najua kwa nini hakuna mgogoro. Hilo haliandikwi kwenye uhakiki.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimeliona leo. Sijui niliwezaje kulipita mwanzoni.

Mama yake Neema anamwita kutoka jikoni. "Neema!" "Naam, mama."

Nikarudi nyuma. Kwa mwalimu, naam. Kwa pasta, naam. Kwa shangazi, naam. Kila anapoitwa, kitabu kizima.

Huku kwetu mwanamke akiitwa huitika abee. Naam ni ya mwanamume. Hakuna anayekukalisha chini kukufunza, unakua nayo. Bi Zuhura atakapofika hapo atavua miwani. Msichana wa Mombasa anaitika naam! Mhusika si wa hapa, atasema. Mwandishi hajui mahali anapoandika.

Lakini Nafula aliitika naam.

Hiyo si hadithi, hiyo ni kweli tupu. Baba yake alipokuja kutoka bara aliajiriwa bandarini, wanaume watupu. Akasikia wanavyowaitikia wakubwa wao, naam, naam. Akaona hii ndiyo adabu ya Pwani. Binti yake alipozaliwa akamfunza adabu ya Pwani.

Darasani kwa Kiingereza hakuna aliyejua. Sote tuliitika yes. Kipindi cha Kiswahili mwalimu akaita jina, Nafula akasimama wima, "Naam, mwalimu!" Darasa likaanguka. Walimwita Kaka Nafula mpaka tukaingia sekondari. Walimwita Bwana Mkubwa. Wavulana walimpigia saluti mlangoni.

Nilimwambia, si useme abee tu kama sisi. Akasema, najua, mimi si mjinga. Lakini baba ndiye aliyenifunza. Nikibadilisha atauliza kwa nini. Nitamwambia nini, kwamba wananicheka kwa sababu yako?

Hakumwambia kamwe. Akaendelea kuitika naam, nyumbani na shuleni, asije akasahau siku moja akajichanganya.

Sina la kufanya na jambo hili. Nimelala kifudifudi tangu saa tisa mchana. Mama amerudi kutoka kiwandani akauliza kama naumwa.


Jumamosi, 9 Agosti

Rasimu ya kwanza ya uhakiki imekamilika. Sifa ya kwanza, mwandishi ana upendo kwa mhusika wake. Sifa ya pili, maelezo ya bandari, zile winchi na makontena, unayaona kabisa. Dosari, hakuna mgogoro, na sentensi zingine zinachoka kabla hazijafika mwisho.

Naam sikuitaja.

Nikisema ni kosa, nitakuwa nimesema uongo. Nikisema si kosa, watu wataniuliza umejuaje, na nikieleza nilivyojua Baba Nafula atakuwa ameketi pale mbele yangu, mikono magotini, anasikia. Miaka yote ile. Kaka Nafula. Saluti.

Basi nimenyamaza. Kunyamaza najua.


Jumatatu, 11 Agosti

Bi Zuhura alitaka kuona uhakiki kabla. Hufanya hivyo kwa wageni. Nimeenda kwake baada ya alasiri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha kwenye mkeka, akanipa kaimati. Kitabu cha Baba Nafula kilikuwa kando yake, kimejaa alama za penseli.

Amesoma karatasi zangu polepole. Akasema mwandiko wangu ni mzuri. Akasema suala la mgogoro nimeliweka sawasawa. Halafu akaninyooshea penseli.

"Kadzo mwanangu, na hii naam je? Hukuiona?"

"Nimeiona, Bi."

"Basi mbona umeifunika? Binti mzima yuwaitika naam kama baharia wa meli! Wallahi nimecheka peke yangu humu ndani mpaka paka akatoka."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yote, yamejipanga. Nikajaza kaimati mdomoni.

Akasema hamchukii Baba Nafula, anampenda, mtu wa bara aliyekaa chini akaandika kurasa mia mbili za Kiswahili anastahili heshima. Na heshima ni kumwambia. "Nikikipeleka shuleni hivi, watoto watamcheka. Bora acheke nani, sisi au wao? Kiweke."

"Abee," nikasema.

Nimeongeza aya moja. Nimeiandika kwa penseli.


Jumatano, 13 Agosti

Nimekutana na Baba Nafula pale saiba. Nilikuwa nimeenda kuchapisha uhakiki. Yeye alikuwa amekuja kuchukua maboksi, nakala zake zote zimekwisha kubanwa. Amekonda. Shati linamning'inia.

Shikamoo. Marahaba. Akaweka boksi chini akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Alisema nisimhurumie. Alisema anajua wanaohurumiwa hawaandiki kitabu cha pili. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu akafungua boksi, akatoa nakala moja, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Mambo mengine humo nimetunga, Kadzo. Wewe utajua. Lakini kusema kwake sikutunga. Pale anapoongea, ni yeye. Niliandika vile nilikuwa namsikia."

Nikasema ndiyo.

Nikarudi nyumbani bila kuchapisha. Nimemwambia Mama stima zilikuwa zimepotea, mashine za saiba zimezimika.


Ijumaa, 15 Agosti

Kesho ndio mkutano.

Niseme ninaumwa. Bi Zuhura atasoma badala yangu, na yeye ataisoma aya ile kwa sauti kubwa.

Nisome bila aya. Bi Zuhura atauliza.

Nisome na aya. Sitaki.

Nimwendee Baba Nafula leo leo, nimwambie faraghani, ili kesho asishtuke. Nimwambie nini? Kwamba binti yako alikuficha jambo miaka minane na mimi ndiye nakuja kulifichua?

Nimetembea mpaka karibu na geti lao Kiembeni. Nilisikia redio ndani. Nikarudi.


Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa bado na nguo za mkutanoni.

Ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, feni moja. Watu kama ishirini hivi. Baba Nafula mbele kama sheria inavyosema, suti, kitabu kimefungwa magotini. Mama Nafula hakuja, yuko kwao tangu Juni.

Nilisimama. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma sifa. Nikasoma mgogoro. Nilipofika kwenye aya ya penseli nikairuka. Nikasema nimemaliza, asanteni. Nikakaa. Makofi.

Nilidhani nimepona.

Dennis ndiye aliyeanza. Huyo ndiye mshairi wetu, ana vijitabu vitatu, mdomo haumkai. Hakuwa na nia mbaya. Dennis hana nia yoyote, anaongea tu.

"Mimi swali langu ni moja. Huyu Neema ni binti ama ni sajini? 'Neema!' 'Naam!' Niko tayari, afande!"

Akapiga saluti.

Ile ile. Mkono kwenye paji la uso, kisigino kwa kisigino. Ukumbi ukacheka. Wanawake wa nyuma walicheka mpaka wakashikana mabega.

Baba Nafula naye alitabasamu, akiwatazama mmoja mmoja. Hakuwa ameelewa. Alikuwa anangoja aelezwe ili acheke na yeye.

Bi Zuhura akamweleza. Kwa upole, lazima niseme. Bwana, huku kwetu mwanamke huitika abee, mwanamume ndiye huitika naam, ni jambo dogo, hurekebishwa.

"Abee?" akasema Baba Nafula. "Hiyo mimi nilidhani ni Kigiriama. Nilidhani ni lugha ya kina Kadzo."

Wakacheka tena. Hata mimi mdomo ulinicheza, Mungu anisamehe.

Halafu akauliza, "Wasichana wote wa hapa?"

"Wote, bwana. Wa kila kabila. Ukikulia hapa ni abee."

"Hata shuleni?"

"Shuleni ndiko hasa."

Akageuka akanitazama. Sio Bi Zuhura, sio Dennis. Mimi, niliyekaa na binti yake dawati moja.

Nilikuwa na nafasi. Nimeihesabu tangu nirudi, ilikuwa ndefu kabisa, feni iliguna na kuguna. Ningeweza kusema ilikuwa kawaida tu, hakuna aliyejali. Ningedanganya vizuri, mimi si mwandishi? Ningeweza kusema ukweli na kuutetea, kwamba aliitika naam kwa kujua, kwa hiari yake, kwa ajili yako.

Nikainamisha kichwa.

Na mbele ya watu wale kuinamisha kichwa ni kukubali.

"Kumbe," akasema.

Bi Zuhura akasema kitabu kimepita, kwa sharti la kusahihishwa hilo. Makofi. Wakampa mkono. Alikuwa anawashukuru wote, mmoja mmoja, kwa jina.


Jumapili, 17 Agosti

Hakuja kanisani. Kwenye kiti chake alikaa mtu mwingine.

Pasta alihubiri, sikusikia neno. Mama amenifinya kiunoni mara mbili nisimame wakati wa kusimama.

Ninajichukia. Naandika kama ilivyo.


Jumanne, 19 Agosti

Baba Nafula ametuma ujumbe. Kama nina nafasi, niende nimsaidie kazi fulani. Mama akasema nenda, mzee wa watu yuko peke yake. Akanifungia mahamri.

Sebule imejaa vitabu. Maboksi yote yamefunguliwa. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kalamu ya wino mweusi mkononi. Anakata naam kwa mstari mmoja, anaandika abee juu yake. Kwa herufi ndogo, nadhifu, za karani. Ameanza jana, alisema. Kuchapa upya haiwezekani.

Akanipa kalamu. Nikaketi.

Kata, andika, fungua. Mahali pengine nafasi ni ndogo, abee inapanda juu ya mstari wa juu. Niliona mwandiko wangu na wake haufanani. Nikajaribu kuiga mkono wake.

Kisha bila kuinua macho akauliza, "Walikuwa wanamcheka?"

"Ndiyo."

"Sana?"

Nikakata naam nyingine. Akaelewa. Ameshajifunza kunisoma.

"Na yeye alikuwa anajua ni kosa?"

"Alijua tangu darasa la nne. Hakutaka wewe ujue." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikaona niimalize kabla haijakauka. "Alisema hawezi kubadilisha, kwa sababu ni wewe uliyemfunza. Aliipenda, Baba Nafula. Ndivyo alivyokuwa. Usiifute."

Aliweka kalamu chini. Akashika magoti. Nikadhani nimefanya kitu, mwishowe, nimefanya kitu kimoja katika maisha yangu.

"Wewe unajua hivyo," akasema. "Mimi sasa najua. Mtoto wa shule atakayefungua hiki, yeye atajua?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

"Atacheka?"

Nikainamisha kichwa.

"Ameshachekwa vya kutosha, mwanangu. Hapa ndani hachekwi na mtu."

Akaokota kalamu. Akavuta nakala nyingine. Nilimtazama akitafuta ukurasa, ameshajua kila naam ilipo, hatafuti sana. Kata. Andika.

Nikafanya pia. Tulifanya mpaka msikiti wa jirani ulipoadhini. Mahamri hatukuyagusa.


Alhamisi, 21 Agosti

Tumemaliza. Bi Zuhura amekuja mwenyewe kuchukua. Amefungua nakala mbili tatu, amevaa miwani, amesoma.

"Sasa huyu ni binti wa Mombasa," akasema. Akafurahi kwelikweli. Akamwambia Baba Nafula mwalimu mmoja amekwisha kuomba vitabu kwa darasa zima. Baba Nafula akasema asante, Bi, asante sana. Akabeba maboksi mwenyewe mpaka kwenye tuktuk.

Bi Zuhura hajui na hakuna atakayemwambia. Sikumkasirikia. Ningependa kumkasirikia mtu.


Jumamosi, 23 Agosti

Shule Jumatatu. Nimefua sare, nimeanika nyuma, hapana jua sana. Mama amenishonea kifungo. Maji yametoka, tumejaza kila kitu mpaka sufuria.

Wakati nafua nilijaribu kumsikia. Huwa nafanya hivyo, sijawahi kuandika. Naliita jina lake kimoyomoyo, halafu nangoja. Naam yake huja haraka, kwa sauti yake ya kifua, na kile kipumzi kidogo cha pumu mwishoni.

Leo nikaita. Nikangoja. Ikaja abee.

Nikamimina maji machafu, nikachota mengine, nikaita tena. Abee. Tena kwa herufi ndogo, nadhifu, niliona kabisa jinsi ilivyoandikwa.

Sijaita tena. Nimesuuza soksi.